Sadaka Wakati wa Dhiki: Barua kwa Mjukuu Aliyeko Mbagala

Sadaka ya Mkristo ni shukrani kwa Mungu na msaada kwa mwenye shida. Haiambatani na dai. Aliyetoa kilo mbili za mchele hamdai Mungu gunia, na akibaki maskini baada ya kutoa, sadaka yake haijaharibika. Hili linaelezwa kwa urefu kwa sababu neno limefika Ifakara kwamba mjukuu aliyehamia Mbagala ameuza mpunga aliotunziwa kwa mbegu, akaongeza na fedha ya pango, vyote akampelekea mhubiri aliyeahidi kwamba atakayepanda mbegu atavuna mara mia kabla ya mwaka kwisha. Huenda waliolileta neno wametia chumvi. Lakini babu yake hajapata usingizi mzuri tangu alisikie.



Imani katika bonde hili la Ifakara haikushikwa na watu walioshiba. Wabenediktini walikuwa wamekwisha kuweka misheni Kwiro, kwenye milima ya Mahenge, Vita vya Majimaji vilipofika huko mwaka 1905, na njaa iliyofuata vita hivyo iliua watu wengi kuliko risasi. Haikupita miaka mingi, Vita Kuu ya Kwanza ikaleta majeshi yaliyokula akiba za vijiji. Wamisionari Wajerumani wakaondolewa, na hadi Wakapuchini na Masista wa Baldegg walipofika kutoka Uswisi mwaka 1921, sala na mafundisho vilibaki mikononi mwa makatekista na familia zenyewe. Waliokuwa wakisali miaka ile hawakuahidiwa nyumba wala gari. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya hapa Ifakara nayo ilikua kutokana na huduma ndogo ya masista hao, na hadi leo inapokea wagonjwa wa bonde zima, Mkristo na asiye Mkristo. Wengi waliochangia kutoka mbali walikufa bila kuiona.

Ukoo wenyewe una mfano wake. Mwaka mmoja wa mafuriko, babu akiwa bado mvulana wa kuinga ndege kwenye dungu, mto ulipanda mwezi wa Aprili ukameza mpunga wote wa bondeni ukiwa unaanza kuchanua. Katika kihenge lilibaki debe moja la mbegu. Jioni moja ikaja familia ya kabila la Wandamba kwa mtumbwi, watoto wanne, mdogo hana nguvu hata ya kulia. Mama yake babu alimimina debe lile kwenye ungo, akalipima kwa kikombe sehemu mbili zilizo sawa. Nusu moja aliirudisha kihengeni. Nusu nyingine aliitwanga usiku uleule, akawapikia wageni, na asubuhi akawafungia iliyobaki. Siku hiyohiyo kaka wa baba yake babu, mwenye vihenge viwili vilivyojaa, alikuwa amewaambia wageni haohao kwamba mpunga wake umeingia dudu. Ni yeye aliyekuwa akikaa benchi la mbele kanisani.

Muujiza haukutokea. Msimu uliofuata nusu ya shamba haikupandwa, na kwa miezi kadhaa chakula kilikuwa mizizi ya porini na kambale. Wale Wandamba hawakurudisha debe, na mama hakuwauliza. Ukoo ulimlaumu sana, naye akaendelea kwenda misa kila Jumapili kwa kanga ileile.

Mjukuu aitazame ile nusu iliyorudi kihengeni. Mama alitoa kilicho chake, akampa mtu ambaye njaa yake aliiona kwa macho, na hakuwanyang'anya wanawe msimu mzima ili aonekane mwenye imani. Mpunga uliouzwa, kama kweli umeuzwa, ni wa nyumba nzima. Fedha ya pango ni ya mwenye nyumba. Sadaka haitolewi kwa mali ya mtu mwingine.

Wahubiri wa ahadi hizo hupenda kumtaja mjane wa Sarepta. Aliyemlisha Elia hakutajirika. Unga wake haukuisha na mafuta yake hayakukauka, lakini ukame uliendelea, naye akaendelea kula mkate wa kila siku kama maskini wengine. Paulo naye aliwasifu Wakristo wa Makedonia kwa kutoa wakiwa katika ufukara, lakini mchango ule ulikuwa wa maskini wa Yerusalemu, na ndugu wengine waliteuliwa kusafiri naye ili pasiwe na lawama juu ya fedha. Mhubiri wa Mbagala anasafiri na nani? Hesabu inasomwa wapi? Babu alikuwa mweka hazina wa parokia miaka mingi bila senti kupotea.

Mjukuu huyu anaijua sadaka ya kweli. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofika huku, alibeba watoto wa jirani mgongoni, na jumuiya ilipokusanya unga, sufuria na nguo, yeye ndiye aliyesukuma baiskeli iliyobeba mizigo. Hakumuuliza mtu atalipwa nini. Ndiyo maana neno hili la sasa limeuma.

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziko Mbagala pia: atafute ya mtaani kwake, watu wanaoweza kumwona akiugua. Asikope mikopo ya riba kali, ile ya kausha damu, ili kuziba pengo. Mke wake asifichwe hesabu.

Kama neno ni la uongo, ampigie simu mama yake leo. Kama ni kweli, mwenye nyumba alipwe kwanza, hata kama jikoni patabaki na ugali na mchicha kwa miezi miwili. Fedha iliyokwenda kwa mhubiri asiifuate kwa fedha nyingine. Mbegu ya mpunga wa Saro 5 itapatikana kwa mjomba wa Kiberege kabla ya mvua za Desemba, debe kwa debe, na itarudishwa baada ya mavuno. Mjomba amekwisha kuambiwa.