Mama mzaliwa wa Baraka na karatasi za shule: "Mtoto wangu si kilema"

Mama mmoja mzaliwa wa Baraka, teritwari ya Fizi, alisimama katikati ya mkutano wa shule huko Marekani, akachukua mkoba wake, akatoka. Mezani aliacha karatasi bila saini. Mkalimani wa kwenye simu alikuwa ametamka neno moja lililomchoma: ulemavu.

"Mtoto wangu si kilema," alisema. "Anakimbia, anacheza mpira, anabeba maji."

Kijana wake ana miaka 11. Alizaliwa kambini Nyarugusu, Tanzania, ambako wazazi walikuwa wamekimbia vita. Alipokuwa mdogo, masikio yake yalikuwa yakitoka usaha. Yalipokauka, watu wakadhani amepona. Katika kalasi iliyojaa watoto alikaa nyuma, na mwalimu akimwita, hajibu. Ikasemwa ana kiburi. Nyumbani pia alipigwa kwa sababu hiyo hiyo, na aliyeshika fimbo ni mama yake. Hilo mama halisemi haraka.

Huko Marekani, kwa miaka miwili walimu walirudilia jambo moja: Kiingereza kitakuja, tungojee. Mdogo wake wa kike alikuwa amekwisha kuzungumza na marafiki. Yeye, kimya.

Jirani yake, mama Mkongomani pia, ndiye aliyemfungua macho. Sheria ya Marekani iliyotiwa saini mwaka 1975, na kubadilishwa mara kadhaa tangu hapo, inampa mtoto mwenye ulemavu unaozuia masomo haki ya kusomeshwa bure katika shule ya serikali kwa namna inayomfaa. Kwa kawaida ni tangu miaka 3 hadi 21. Mzazi anaweza kuomba mwenyewe mtoto apimwe, hana haja ya kungoja mwalimu. Barua fupi yenye tarehe inatosha, nakala ibaki nyumbani. Shule ikikataa, inapaswa kueleza sababu kwa maandishi. Ikikubali, haimpimi mtoto kabla mzazi hajatia saini ya ruhusa, na kuanzia hapo inahesabiwa siku 60, ila majimbo mengine yana hesabu yao. Kutojua Kiingereza peke yake si ulemavu. Lakini pia si sababu ya kumngojesha mtoto.

Kijana alipimwa. Masikio yote mawili yanasikia kidogo tu. Ndipo ukaja ule mkutano ambao mama aliuacha, unaoitwa kwa herufi tatu, IEP, yaani mpango wa masomo uliotengenezwa kwa ajili ya mtoto mmoja.

Mkutano wa pili, mama aliomba mkalimani wa kuja mwenyewe, si wa simu. Shule ikamleta, mtu wa Uvira. Kutafuta mkalimani ni kazi ya shule, si ya watoto. Kabla ya hapo, binti yake ndiye aliyekuwa akitafsiri, na maneno mengine aliyameza kwa haya.

Mkalimani huyo alieleza kwamba ulemavu hapo ni neno la sheria, lenye kufungua mlango wa msaada. Mama akauliza maswali yake. Mtoto atatengwa? Sheria inataka asome pamoja na wengine kadiri inavyowezekana. Nikitia saini, nimefungwa? Hapana, anaweza kuondoa ruhusa yake kwa maandishi, na mpango unaangaliwa upya angalau mara moja kwa mwaka. Nani atalipa? Msaada ulioandikwa ndani ya mpango, shule inautoa bure. Usioandikwa, ni ahadi ya mdomo. Kwa hiyo mama akataka kila kitu kiandikwe: kiti cha mbele, mikro ambayo mwalimu anavaa na sauti inaingia katika vyombo vya masikio ya mtoto, maagizo ya kazi kwa maandishi, muda zaidi kwenye mitihani. Akapeleka karatasi nyumbani, akarudi siku tatu baadaye, akatia saini.

Jioni ile alimwita mwanawe, akamwomba msamaha kwa zile fimbo. Kijana akauliza fimbo zipi. Mama hajui kama amesahau kweli au anamhurumia.

Kisha akampigia simu mdogo wake, aliyekimbia milima na sasa anaishi Uvira kwa familia iliyompokea. Yeye pia ana mtoto asiyejibu akiitwa. Kongo nayo ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu, ya tarehe 3 Mei 2022, lakini mikro haikufika kwenye shule ya mtoto huyo.

"Yaya, huku hatuna hayo," mdogo alisema.

"Kiti cha mbele mnacho?"

Kesho yake alikwenda kumwona mwalimu. Benchi la mbele lilikuwa na watoto watano. Mwalimu akawaambia wasogee.