Uaminifu Usiopimwa kwa Pointi



Neno uaminifu tumelizoea kanisani. Tunalisikia katika ahadi za ndoa, katika nadhiri za watawa, na siku ile tunapovikwa skafu ya kikundi mbele ya altare. Hata Kifaransa tunachosoma shuleni huwaita waamini kwa neno lenye mzizi huo huo. Siku hizi, hata hivyo, neno hilo limefika pia kwenye meza ya malipo ya maduka makubwa. Mnunuzi hupewa kadi, nayo huitwa kadi ya uaminifu. Kila anaponunua, huandikiwa pointi. Pointi zikiisha kuwa nyingi, hugeuka punguzo la bei au zawadi. Kampuni za simu nazo zimetuzoeza jambo kama hilo: ukinunua salio la kiasi fulani, huongezewa dakika au mega ambazo hukuzilipia.

Tungependa kutafakari pamoja nanyi yale yanayotokea moyoni mwa mtu siku pointi hizo zinapopunguzwa. Jambo lenyewe ni dogo, lakini hutuonyesha namna tunavyoahidi, namna tunavyodai, na sababu inayotufanya tudumu mahali tulipo.

Mfano mmoja unaojulikana sana watoka Uingereza. Huko kampuni ya maduka iitwayo Tesco ilianzisha kadi yake, Clubcard, mnamo Februari 1995. Kwa kila paundi moja inayotumiwa dukani mnunuzi hupata pointi moja, na pointi 100 huwa na thamani ya paundi moja. Thamani hiyo hurudishwa kwa njia ya vocha. Aliyependa aliweza kuitumia vocha papo hapo kununua chakula. Aliyevumilia aliweza kuipeleka kwa washirika wa kampuni, kama mikahawa na mahali pa matembezi, na huko thamani yake ilizidishwa mara kadhaa. Kampuni nayo haikutoka mikono mitupu. Kwa kadi hiyo ilipata habari za nani hununua nini, siku gani na mara ngapi. Na habari za namna hiyo ni mali kubwa katika biashara.

Katikati ya Januari 2018 kampuni ilitangaza kwamba tangu siku ile vocha kwa washirika wote zitazidishwa mara tatu. Kwa baadhi ya washirika zilikuwa zikizidishwa mara nne. Wanunuzi walikasirika. Wengi walikuwa wameziweka vocha zao kwa miezi, wakipanga kuwapeleka watoto matembezini au kula pamoja siku ya sikukuu ya familia; ghafula hesabu yao ikavurugika bila onyo. Baada ya siku chache tu kampuni iliomba radhi na kuahirisha badiliko hilo hadi tarehe 10 Juni. Miaka mitano baadaye, Juni 2023, kiwango kilishuka tena, kutoka mara tatu hadi mara mbili. Safari hii wanunuzi walikuwa wamekwisha kuarifiwa mapema. Manung'uniko yalikuwako, lakini mtu aliyekuwa na vocha alikuwa na muda wa kuzitumia kwa thamani ya zamani.

Mbele ya badiliko kama hilo watu hugawanyika. Wapo wanaosema: pointi ni zawadi, na mwenye kupewa zawadi hana haki ya kulalamika. Wapo wanaosema: duka lilitualika, sisi tukaitika, tuliacha kununua kwingine kwa ajili ya neno lake, basi na litimize neno lake. Wengine hutupa kadi na kuhamia duka jingine. Tena wapo wasiosema lolote. Huendelea kununua pale pale kwa kuwa ndipo karibu na nyumbani.

Tukisikiliza kwa makini, tutaona kwamba kundi la kwanza na la pili yote mawili yana sehemu ya ukweli. Zawadi haidaiwi, ni kweli. Lakini kitu kilichoahidiwa kwa masharti, ukayatimiza masharti hayo, hakiwi tena zawadi tupu; kimekuwa ahadi. Maandiko Matakatifu yanalijua jambo hili tangu zamani. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 31, Yakobo analalamika kwamba Labani, baba ya wake zake, alimbadilishia mshahara mara kumi. Hakuna anayesoma ukurasa ule akamwona Yakobo kuwa mtu wa tamaa. Alitumikia kwa miaka, jua likimchoma mchana na baridi ikimtesa usiku, akilitegemea neno la mwingine; na neno lile likawa linahama-hama. Anayemlilia mtu mwenye nguvu alitimize neno alilowaambia wadogo hastahili kuitwa mlafi.

Kwetu Kongo tunayo desturi inayotufundisha vema tofauti iliyopo. Mama muuza sambaza sokoni hupima sahani yake, kisha huchukua samaki wachache kwa vidole na kuwaweka juu. Hiyo ni nyongeza. Hakuna kadi, hakuna hesabu. Siku akiongeza kidogo kuliko jana, mnunuzi humwambia kwa kicheko: Mama, leo umenisahau! Naye mama hujibu kwamba ziwa limekuwa gumu juma hili, au kwamba mtoto amefukuzwa shuleni kwa ajili ya karo. Mnunuzi anaelewa, na kesho yake anarudi. Hapa wapo watu wawili wanaotazamana usoni, na kila mmoja aweza kumweleza mwenzake sababu yake. Kilichowaumiza wanunuzi wa Uingereza mwaka 2018 kilikuwa zaidi ya hasara ya paundi chache. Neno lilikuwa limebadilishwa na mtu wasiyemwona, na wao hawakuulizwa wala kuonywa.

Nchi hiyo hiyo iliwahi kuonyesha njia nyingine. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, wafumaji na mafundi wachache waliochoshwa na bei kali na vyakula vilivyochanganywa na uchafu walichanga fedha zao wakafungua duka dogo lao wenyewe. Walianza na vitu vichache: siagi, sukari, unga, mishumaa. Faida iliyopatikana waliigawa kwa wanachama kulingana na kiasi ambacho kila mmoja alikuwa amenunua. Kwa macho, gawio hilo lafanana na pointi za leo. Lakini pale kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na hisa nyingi au chache. Aliyetaka kubadilisha kanuni alipaswa kusimama mkutanoni na kuwaeleza wenzake. Benedikto XVI, katika waraka wake Caritas in veritate wa mwaka 2009, alikumbusha kwamba tendo la kununua ni tendo la kimaadili pia, si la kiuchumi tu. Akataja vyama vya ushirika vya wanunuzi vilivyoanza katika karne ya 19, ambavyo Wakatoliki pia walichangia kuvianzisha. Tunalitaja hili kwa sababu vijana wengi kati yenu mna likelemba na vikundi vya kuweka akiba. Kanuni ikibadilishwa katikati ya mzunguko bila wote kuketi na kusemezana, urafiki wa miaka huweza kuvunjika kwa siku moja, hata kama fedha iliyopotea ni kidogo.

Sasa tujitazame sisi wenyewe, maana pointi zimeingia hata katika vikundi vyetu, ingawa hatuziiti hivyo. Tumekulia katika vikundi vya parokia na tunayajua mambo yake. Kuna daftari la mahudhurio. Anayehudhuria vizuri hupata nafasi katika gari la hija. Hupata mpira wenye nembo ya kikundi. Hupewa kitenge cha sikukuu kwa bei nafuu. Daftari si baya, na zawadi si mbaya. Kijana aliyejitahidi mwaka mzima apaswa kutiwa moyo. Lakini tumeona pia mwaka ambao hija haikufanyika kwa sababu ya ubovu wa barabara au ukosefu wa usalama. Majuma machache baadaye viti vilibaki vitupu, na nyimbo zilizojaa sauti nne zikabaki na mbili.

Ni rahisi kuwahukumu walioondoka. Sisi hatutaki kufanya hivyo kwa haraka. Baadhi yao waliitwa kwa ahadi ya safari, na hakuna aliyewaendea kuwaeleza kwa nini safari imekufa. Waliosubiri tangazo hawakulisikia. Kwa hiyo neno letu la kwanza ni kwa wale wanaoongoza: msimvute kijana kwa kitu msicho na hakika nacho. Mkilazimika kubadilisha, semeni mapema, semeni sababu, na mwacheni aulize. Kiongozi wa Kikristo asifanane na Labani.

Neno la pili ni kwa kila mmoja wetu. Mwanzoni mwa kitabu cha Ayubu, Shetani anauliza swali gumu: je, Ayubu anamcha Mungu bure? Maana yake ni kwamba mtu huyu anasali kwa sababu analipwa. Ondoa malipo, nawe utauona uaminifu wake ukiisha. Swali hilo linatuhusu sisi hasa tunaoimba, tunaotumikia altare na kufagia kanisa. Pakikosekana safari, pakikosekana kitenge, jina letu lisipotajwa katika matangazo, je, tutabaki? Ayubu aliumia, alilia, alimlalamikia Mungu kwa maneno makali, lakini hakuondoka. Tujifunze kwake kwamba uaminifu hauzuii malalamiko. Mwaminifu huyapeleka malalamiko yake mbele ya yule anayempenda, naye hubaki hapo akingoja jibu.

Injili yatuongezea mwanga katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20. Wale wa kwanza walinung'unika walipoona wa saa ya mwisho wamelipwa sawa nao. Tuangalie vema: mwenye shamba hakuwapunguzia kitu. Dinari waliyopatana asubuhi ndiyo waliyoipokea jioni. Aliitimiza haki kwanza, kisha juu ya haki akaweka ukarimu. Hapa ndipo tunapoweza kupambanua malalamiko yetu. Nikinyimwa nilichoahidiwa, kilio changu kinafanana na cha Yakobo. Nikiumia kwa kuwa mwenzangu aliyekuja jana amepewa sawa nami, basi nimekuwa nikihesabu pointi, na huduma yangu imegeuka biashara ninayofanya na Mungu.

Katika nchi yetu tunaye kijana aliyetuachia mfano ulio wazi kuhusu jambo hili. Floribert Bwana Chui, wa Goma, alikuwa mlei na mwanajumuiya wa Sant'Egidio. Kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia kutoka ng'ambo ya mpaka. Alipewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite viende sokoni, akakataa. Mnamo Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26, alitekwa na kuuawa. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Tufikirie ni kwa nani alikuwa mwaminifu. Ni kwa Kristo, na kwa ajili ya Kristo alikuwa mwaminifu kwa wanunuzi: mama anayenunua chakula cha watoto, mwanafunzi anayenunua cha kutosha siku moja. Hakuwajua kwa majina, wala wao hawakumjua. Hapakuwa na daftari la kuandika kwamba leo amewaokoa na ugonjwa. Alipokataa yale malipo ya siri, hakuna duka lililompa pointi.

Wapendwa, hatuwaambii mzitupe kadi za maduka wala mzikatae mega za bure. Zitumieni kwa akili, mkijua kwamba kinachoitwa bure mara nyingi hulipwa kwa njia nyingine. Tunachowaomba ni kulirudishia neno uaminifu uzito wake. Katika mkutano wenu wa juma hili, someni pamoja Mathayo 20, aya ya 1 hadi 16, kisha mjadiliane kwa unyofu: ni ahadi gani katika kikundi chetu imebadilishwa bila kuelezwa, na ni nani aliyeumia akaondoka? Nani ataenda kumtembelea nyumbani kwake, aketi naye na kumsikiliza? Na sisi tuliobaki, tumebaki kwa sababu gani?

Mwenye Heri Floribert atuombee, ili neno letu liwe moja asubuhi na jioni, na mikono yetu ijue kutoa bila kuandika hesabu. Amina.