Meno Matano kwa Siku

Sisi watu wa pwani twamjua papa kwa nyama yake kabla ya kumjua kwa meno yake. Twamjua akiwa ng'onda, mkavu, mwenye chumvi, harufu yake ikimpokea mnunuzi kabla hajafika dukani. Twamjua akiwa mchuzi wa nazi na ukwaju. Na wazee waliohudumia majahazi walimjua kwa sifa, yale mafuta ya ini lake yaliyopakwa mbao za chombo zisipasuke kwa jua. Meno yake hayakuwa na kazi. Kichwa kilikatwa kikatupwa, na mawimbi yakamaliza yaliyobaki. Kwa hiyo tulipoambiwa, katika ziara yetu kwa binti yetu aliyeolewa New Jersey, Marekani, kwamba Jumamosi tutakwenda kutafuta meno ya papa msituni, ndani ya kijito cha maji baridi, tulitazamana tu.

Kijito hicho chaitwa Big Brook. Kimo katika kaunti ya Monmouth, kusini mwa jiji la New York, nacho chapita baina ya miji midogo ya Colts Neck na Marlboro. Si kitu cha kutisha: maji yafika kwenye miundi, mahali pengine magotini, rangi yake kama chai isiyotiwa maziwa, na kingo zimesimama juu kama kuta za kisima. Siri imo katika kingo hizo. Takriban miaka milioni 70 iliyopita, kwa hesabu ya wataalamu wa miamba, bahari iliingia ndani zaidi ya ilipo leo na sehemu hiyo yote ilikuwa chini ya maji ya chumvi. Mchanga na matope yake yakajilundika, yakafunikwa, na bahari ikarudi nyuma. Sasa kijito chakata tabaka lile kama kisu katika mkate wa sinia, na kila mvua kubwa yaporomosha kipande kingine na kukiosha. Kilicho kizito hubaki chini, katikati ya kokoto. Wakulima wa huko walilijua tabaka hilo zamani. Katika karne ya 19 walichimba udongo wake wa kijani, uitwao marl kwa lugha yao, wakautia mashambani kama mbolea, na jina lenyewe la Marlboro latokana na udongo huo.

Papa hana mfupa. Mwili wake umeshikiliwa na gegedu, kitu kama kile kilichomo katika sikio la mtu, nacho huoza upesi kisibakie kitu. Jino lakini limevikwa ganda gumu mno, na papa hadumu nalo: nyuma ya safu ya mbele zimo safu nyingine zikingoja zamu, jino lang'oka na jingine lasogea mbele, na papa mmoja huweza kupoteza maelfu ya meno maishani mwake. Ndiyo sababu mnyama ambaye maiti yake haikuacha alama ameacha meno ya kutosha kujaza mifuko ya watoto wa New Jersey.

Tulikwenda kwa ajili ya mjukuu wetu wa kati, mwenye miaka kumi na mmoja. Hapa yatupasa kusema jambo ambalo tulilijadili sana, sisi wawili, kabla ya kuliandika.

Mtoto huyo alikuwa na chupa ya meno. Mama yake alitutajia habari yake kwa simu miaka miwili iliyopita, kwa furaha, tukatazamia kuonyeshwa siku ya kwanza tu tutakapofika. Siku ya kwanza ikapita, na juma zima, wala hatukuonyeshwa kitu. Binti yetu akatueleza usiku mmoja, watoto wamelala. Kijana alikuwa amechukua meno matatu akaenda nayo madrasa ya mwisho wa juma kuwaonyesha wenziwe, akasema yana umri gani. Mtu mzima mmoja aliyekuwapo akamwambia kwamba Mwislamu hahesabu miaka namna hiyo, na kwamba achague baina ya mawe yake na dini yake. Hatumtaji mtu huyo wala mahali penyewe, na huenda nia yake ilikuwa njema. Lakini tangu siku hiyo chupa iliingia chini ya kitanda, na kila Jumapili asubuhi mtoto aliumwa na tumbo. Sisi, babu na bibi kutoka Mombasa, tulipofika na kanzu na buibui zetu, alituweka upande wa yule mtu bila ya kutuuliza.

Usingizi haukuja usiku ule. Kinachotisha si mtoto kuuliza swali gumu, bali ni mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyekwisha kujifunza kuwa na midomo miwili, mmoja wa wazee na mmoja wa rafiki zake. Mmoja wetu alifundisha jiografia kwa miaka mingi na alitaka kumwita asubuhi ile ile amsomeshe. Mwingine alikataa, akasema mtoto aliyejificha haitwi, hufuatwa. Basi tukamwomba atupeleke kijitoni. Tulimwona akitafuta katika nyuso zetu kama tunamtega.

Kule kuna sheria, naye ndiye aliyetusomea. Kila mtu aruhusiwa kuchukua vitu vitano tu kwa siku. Mwiko wa kuchimbia usizidi inchi 6, chekeche lisizidi inchi 18, na kingo haziguswi kabisa, kwani kuzichimba ni kuangusha miti ya watu na pengine kujifukia mwenyewe. Wachekecha kokoto za sakafuni mwa kijito, basi. Akatuamuru pia tuingize suruali ndani ya soksi kwa sababu ya kupe wa kulungu, ambao huko huambukiza maradhi mabaya ya viungo. Bibi mwenye buibui juu ya suruali na mabuti ya mpira ya mkwewe ni kitu cha kutazamwa, na alitazamwa.

Saa nzima ya kwanza hatukupata kitu. Twainua chekeche, twalitikisa, maji yatoka, na mbele yetu zabaki kokoto mia mbili, zote sawa. Mjukuu wetu asema, "Bibi, usitafute jino. Tafuta kinachong'aa." Na kweli, kokoto hunyonya mwanga, ilhali jino huurudisha. Jicho likishalijua jambo hilo mara moja halilisahau. La kwanza tuliloliona sisi wenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mchele, jeusi, ncha yake kamili. Akalishika kwa vidole viwili, akalilamba (hatukumzuia kwa wakati), akalitazama juani na kutuambia ni la nani.

Hapo ndipo tulipomsikia akisema kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nusu Kiingereza, nusu Kiswahili kilichokatika, lakini bila ya kusimama. Hili refu, jembamba, lenye mifuo kama ncha ya shazia ni la Scapanorhynchus, jamaa wa papa wa kilindini ambaye Waingereza humpa jina la zimwi, na jamaa yake huyo yungali hai hadi leo. Hili fupi, lililopinda, lenye makali ya msumeno ni la Squalicorax, aliyekwisha kutoweka duniani. Na hiki kama risasi ya rangi ya asali si jino: ni belemnaiti, kitu kilichokuwa ndani ya mwili wa mnyama wa jamii ya ngisi. "Ngisi" alilisema kwa Kiswahili. Alilipata wapi neno hilo katika nchi ile hatujui; pengine kwa sahani ya mama yake.

Adhuhuri tukaketi juu ya gogo tukafungua mahamri na mbaazi. Hakuinua macho alipouliza: "Babu, is it haramu? Kuamini ni ya zamani sana?"

Hatukumjibu kwa fatwa, kwani sisi si wanazuoni wala hatujifanyi. Tulianza na nyumba yetu ya Mji wa Kale, ambayo amelala ndani yake mara mbili. Tukamuuliza zile kuta ni za nini. Akasema mawe. Tukamwambia ni matumbawe: viumbe vya baharini vilivyojenga mwamba juu ya mwamba, na kisiwa chote cha Mombasa kimesimama juu ya mwamba huo ambao una zaidi ya miaka laki moja. Mababu zake waliukata, wakauchoma mwingine kuwa chokaa, wakajenga nyumba na misikiti. Walisali ndani ya viumbe vya kale na hakuna aliyewaambia wachague.

Kisha yule mwalimu wa jiografia akapata nafasi yake. Alimweleza habari za Al-Biruni, aliyeishi takriban miaka elfu moja iliyopita, ambaye aliandika kwamba jangwa la Arabuni lilikuwa bahari, na hoja yake ilikuwa makombe yaliyopatikana watu walipochimba visima. Na Ibn Sina, wa zama hizo hizo, aliandika katika Kitab al-Shifa jinsi viumbe na mimea vinavyoweza kugeuka mawe. Zaidi ya karne sita baada yao, mwaka 1666, huko Florence, tabibu wa Denmark aitwaye Steno alipasua kichwa cha papa mkubwa, akalinganisha meno yake na mawe ambayo watu wa Ulaya waliyaita ndimi na kuyavaa kama hirizi dhidi ya sumu, akaona ni kitu kimoja. Mjukuu wetu alicheka sana kusikia kwamba kuna waliovaa jino la papa wakidhani ni ulimi wa nyoka.

"Al-Biruni alisema milioni 70?" akauliza. Hatukumdanganya. Hakusema. Hesabu hiyo ilikuja baadaye sana, watu walipojua kupima kuchakaa kwa baadhi ya elementi ndani ya miamba. Al-Biruni aliona tu kwamba muda ulikuwa mrefu kuliko kumbukumbu za watu, akaandika alichokiona.

"Na hakuna aliyemkataza?"

"Kama yupo," akasema Babu yake, "hatujamsoma."

Akala hamri la pili. Hatuwezi kudai kwamba palikuwa na jambo kubwa zaidi lililotokea pale gogoni.

Ilipofika alasiri alikuwa na meno saba. Akayapanga juu ya kifuniko cha chombo cha mbaazi, akayageuza moja baada ya jingine. Ndugu yake mdogo, mwenye akili ya biashara, akasema, "Bibi ana moja tu. Mpe Bibi mawili." Hesabu ilikuwa sahihi, na katika msitu ule hapakuwa na askari wala mlinzi. Mmoja wetu alikwisha kufungua kiganja. Mtoto akafikiri, kisha akasema Bibi hakuyaokota. Akachagua matano, na katika mawili aliyoyarudisha lilikuwamo moja zuri la msumeno, kwa kuwa nyumbani analo la namna hiyo na mwingine huenda hana. Aliingia majini nalo mpaka katikati, akaliacha lizame mahali penye kokoto nyingi. Tulitamani yule mtu wa madrasa angekuwapo. Si kwa kumshinda, bali aone amana ikichukuliwa na mtoto aliyemdhania amepotea.

Tumerudi Mombasa, na wajukuu wanatarajiwa Desemba, inshallah. Ameshauliza kama na hapa yapo. Mawe ya tope yaliyoganda upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa chetu, yana amonaiti, makombe yaliyojikunja kama kilemba, ya zama za Jura, kongwe kuliko papa wote wa Big Brook. Wataalamu waliyajua tangu karne ya 19, na wengi wetu twapita juu yake kila siku kwenda kazini. Lakini ndugu msomaji na ajue kwamba hapa hapana ruhusa ya matano kwa siku. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 yavilinda vitu hivi. Mwenye kugundua hutakiwa kutoa taarifa kwa Makumbusho ya Taifa, si kutia mfukoni. Tumemwandikia hivyo mjukuu wetu, nasi twaona ni bora zaidi kuliko ya kule, japo yeye hajakubali. Atakuja na kalamu na daftari, achore, apime, aache palipo.

Kuhusu Jumapili zake, mama yake amekwenda kuzungumza na mwalimu mkuu wa madrasa, na mazungumzo bado yanaendelea. Kijana huenda, mara nyingine kwa hiari, mara nyingine kwa kuvutwa. Chupa imetoka chini ya kitanda na kuwekwa juu ya kabati la vitabu, na hilo halikusemwa na mtu, liliandamwa na picha tuliyotumiwa.

Juma lililopita alitaka picha ya ukuta wa chumba cha chini, ule usiopigwa plasta. Tulisogeza kabati, tukamulika tochi, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini ya kukaa nyumba hii tukauangalia kwa karibu. Karibu na sakafu lipo kombe zima, mistari yake yote yahesabika. Tukampelekea. Jibu lilikuja kabla ya alfajiri yetu, neno moja la Kiswahili: "Kumbe!"