Wema: kambi ya msitu usio na lango

Msomaji, litaje neno "kambi" mbele ya familia yoyote ya Nairobi au Mombasa na mawazo yao yatakimbilia Maasai Mara au Tsavo: lango kubwa, askari wa wanyama, risiti ya kiingilio na simba wa kupigwa picha. Wema haina hata kimoja kati ya hivyo. Ni kijiji cha Wapokomo kilichoko ukingo wa mashariki wa Mto Tana, ng'ambo ya mji wa Garsen, na misitu yake ni vipande vipande vilivyobanwa kati ya mashamba ya mpunga, migomba na miembe. Hata hivyo, misitu ya namna hii ndiyo makao ya jamii mbili za kima ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani ila kando ya Tana.

Kufika huko kunataka subira kidogo. Ukipita Malindi, basi hukata zaidi ya kilomita mia moja katika nchi tambarare ya vichaka na makundi ya ng'ombe hadi Minjila, njia panda inayowatenga abiria wa Garsen na Hola na wale wa Lamu. Mwenda Wema hushika njia ya Lamu, huvuka Tana darajani, kisha mbele huiacha lami na kufuata njia ya udongo inayopitia Hewani. Njia hiyo ni ya kiangazi. Mvua ikishanyesha, pikipiki iliyokubeba huanza kubebwa wewe. Wala Tana haina mzaha na lami yenyewe: mnamo Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Lamu karibu na Gamba na wasafiri wakakwama. Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ya kuja na watoto.

Sasa tuwatazame hao wenyeji wa mitini. Wa kwanza ni mbega mwekundu wa Tana, mpole, mla majani, ambaye maisha yake huyapitisha juu ya matawi na hapendi kabisa kukanyaga ardhi. Wa pili ni mangabei mwenye kishungi, wa rangi ya kijivujivu na nywele zilizosimama kichwani kama za mtu aliyeamshwa ghafla. Huyu hutembea chini bila wasiwasi, akipekua majani makavu na kuokota matunda. Tofauti hiyo si jambo dogo. Shamba likipasua msitu katikati, mangabei atalivuka; mbega atabaki upande wake kama mtu aliyevunjikiwa daraja. Hesabu iliyofanywa mwaka 1994 iliweka kila jamii kati ya elfu moja na elfu moja mia tatu tu, katika utepe wa mto usiozidi kilomita sitini hivi. Shule moja kubwa ya mjini ina wanafunzi zaidi ya hao.

Mtu wa mjini hudhani kwamba msitu huota kwa mvua. Hapa mvua ni haba na msitu huota kwa mto. Tembea kidogo tu kutoka ukingoni na mara miti mirefu inakwisha, umebaki na miiba na vumbi. Tana inapofurika huacha tope lenye rutuba na kujaza maji chini ya ardhi, na hayo ndiyo mikuyu na mikindu huyafuata kwa mizizi. Tena mto huu una tabia ya kuhama. Huacha mkondo wa zamani na kukata mpya, kisha msitu wa huku unaanza kukauka huku mwingine ukichipuka kule kwenye mchanga mpya. Kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Kiambere mwaka 1988, mabwawa matano yalijengwa huko juu, kubwa zaidi likiwa Masinga la mwaka 1981. Taa zikawaka mijini. Huku chini, mafuriko ya kawaida yakapungua, nayo ndiyo yaliyokuwa yakinywesha msitu wa kima na shamba la mpunga la Mpokomo kwa pamoja.

Hapo ndipo mwandishi huyu anapoona kiini cha mambo: mkulima na kima wanaishi kwa utepe ule ule wa ardhi na mafuriko yale yale. Mchukue mkindu. Wenyeji hupata kwake ukindu wa kusukia mikeka, nguzo za nyumba na tembo la kugema. Mangabei naye hutegemea matunda yake kwa kujaza tumbo. Ukigema mno, mkindu hufa, na wote wawili wanapata hasara.

Serikali ilijaribu njia ya mipaka. Mwaka 1976 ilitenga Hifadhi ya Kima ya Mto Tana, kilomita za mraba 169, juu zaidi ya mto upande wa kwenda Hola, kando ya barabara ile ile ya Garsen. Ni mbuga ndogo kwa kipimo cha Kenya. Tsavo ingeimeza mara mia na bado ikabaki na nafasi. Tatizo ni kwamba ndani yake mlikuwa na mashamba na watu wenye mashamba hayo. Mradi uliofadhiliwa kupitia Benki ya Dunia kuanzia 1996 ulikuja na mpango wa kuhamisha familia, ukazusha ubishi mkali na ukakoma 2001. Kisha mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hifadhi yenyewe haikuwa imeanzishwa kwa kufuata sheria. Miaka 31, na mwishowe wakaambiwa hatua ya kwanza ilikuwa na kasoro!

Misitu ya Wema haikuwahi kuwa ndani ya mipaka hiyo. Iko sehemu iliyolengwa na mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA, ambao mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliuvunjia kingo zake. Hapa kibali cha kupiga kambi hakitoki dirishani kwa karani. Unaanza kwa chifu, unapelekwa kwa wazee, unaulizwa umetoka wapi, wazazi wako ni akina nani na umekuja kutafuta nini. Usione kwamba unasumbuliwa. Mwaka 2012 na mapema 2013 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji wilayani humu, na ardhi na maji vilikuwa katikati ya ugomvi. Mgeni mwenye hema asiyejulikana amekuja kwa nani ni jambo la kukosesha watu usingizi.

Wazee walituonyesha pa kukita hema: chini ya miembe, mbali na ukingo. Viboko hupanda usiku kuja kula majani na hawapendi kukuta kamba ya hema njiani mwao, na mamba hawachagui mwana wa nani. Maji huchotwa jua likiwa juu. Chakula kilikuwa wali wa hapo hapo na kambare, na baada ya hapo vyura walianza, wengi ajabu, hata ikabidi tupaze sauti kusikilizana. Kutoka ua wa jirani mama mmoja alikuwa akibembeleza mtoto. Wanafunzi watafurahi kujua kwamba wimbo wetu wa taifa wa mwaka 1963 ulipata sauti yake kutokana na bembelezi ya Wapokomo. Kila asubuhi ya gwaride, basi, Kenya nzima husimama wima kwa ajili ya wimbo wa kulaza mtoto.

Alfajiri kijana wa kijiji alituongoza kwa miguu. Mangabei walionekana mapema, wakikimbia kutoka shamba la mahindi wakiwa na ushahidi mikononi, huku mwenye shamba akiwafuata kwa maneno ambayo gazeti la familia haliwezi kuyachapisha. Mbega walitaka kungojewa. Tulikaa chini ya mkuyu kwa muda mrefu, shingo zikiuma, mpaka mkia mmoja ukaning'inia, kisha wa pili, kisha kundi zima likajitokeza likitafuna kimya kimya.

Mtu akitaka kwenda, apige hodi kituo cha polisi Garsen kuuliza usalama, kwa kuwa barabara ya Lamu ina historia yake. Abebe chandarua, tochi, dawa na maji ya kunywa ya siku nzima. Malipo ya kiongozi na ya kijiji yaelewane mbele ya wazee, si njiani. Chakula kisiachwe nje ya hema. Kuni ziulizwe kwa mwenyeji, maana atakuonyesha tawi kavu la mwembe na kukukataza mkindu. Na kabla ya kufunga mizigo asubuhi ya kuondoka, muulize huyo huyo habari ya njia: yeye huenda ukingoni, hutazama rangi ya maji, kisha hukwambia kama pikipiki itapita.