Mwalimu anataka kiti mara ya nne

Juma lililopita nilivuka mto kutoka Alunguli kurudi Kasuku. Mtumbwi wa injini ulikuwa umejaa: wamama wa soko na magunia yao ya muhogo, pikipiki mbili, mbuzi mmoja, na familia moja ya ndugu zetu waliokimbia vita kule Kivu. Tulipofika katikati ya maji, mzee aliyekaa mbele kabisa akanigeukia na kusema kwa sauti, ili kila mtu asikie: “Mwandishi, andika. 2028 naingia tena.”

Watu wakacheka. Hata kijana wa injini alicheka mpaka mtumbwi ukayumba kidogo, wamama wakamfokea.

Mama wa ile familia akaniinamia: “Papa, huyu mzee ni nani?” Nikamjibu kwamba ni mwalimu, amegombea ubunge wa jimbo mara tatu, hajapata. Jibu la kweli, lakini la mtu mvivu. Ndiyo sababu naandika haya, kwa ajili yake na kwa ninyi wengine mliofika Kindu juzijuzi mkakutana na mzee mwenye daftari la bluu kwapani, msielewe kwa nini watu wanamtania. Jina lake silitaji. Wenyeji wanamjua, na yeye mwenyewe ameomba nisubiri kampeni ifunguliwe.

Mara ya kwanza ilikuwa 2006. Mimi nilikuwa kijana, na ni mimi niliyepika gundi ya unga wa muhogo kwa kubandika picha zake. Uchaguzi wa bunge la jimbo ulifanyika tarehe 29 Oktoba, siku moja na duru ya pili ya urais kati ya Kabila na Bemba. Tume wakati ule iliitwa CEI, ikiongozwa na padri Malu Malu. Mwalimu alijitokeza peke yake, bila chama. Alisema mwalimu hahitaji chama, wanafunzi wake wa zamani wanatosha. Kumbe wanafunzi nao wana wajomba na baba wadogo wanaogombea. Alianguka, akarudi darasani Jumatatu, na watoto wakamsimamia kumsalimu kama kawaida.

Kisha alingoja. Hapa ndipo wengi husahau, hata sisi wa habari. Wabunge wa jimbo wa 2006 walipewa miaka 5. Mwaka 2011, tarehe 28 Novemba, tulimpigia kura rais na wabunge wa taifa tu. Uchaguzi wa majimbo haukufanyika. Haukufanyika 2012 wala 2013. Mwaka 2015 nchi ikakatwa kutoka majimbo 11 hadi 26, Maniema yetu ikabaki ilivyo, na wabunge wale wale wakabaki vitini. Walikaa mpaka 2019. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kura alikuwa anamaliza shule ya msingi wakati viti vile vinapata watu wapya. Mwalimu alikuwa ameweka pesa ya kampeni ya 2011 kwenye mabati, akisema atayauza muda ukifika. Mabati yalipata kutu nyuma ya nyumba.

Kura ikaja tarehe 30 Desemba 2018, na mashine. Mnakumbuka mashine? Bibi yangu alikataa kuigusa, akasema yeye hapigi kura kwenye televisheni. Safari hii Mwalimu alikuwa na chama, kidogo, chenye wagombea mjini na sehemu chache za Kailo. Hakuisoma vizuri sheria mpya. Tangu mabadiliko ya Desemba 2017, orodha isiyofikisha asilimia 3 ya kura za jimbo lote haihesabiwi kwenye kugawa viti vya bunge la jimbo. Siyo asilimia 3 ya Kindu, ya jimbo lote: Kasongo, Kabambare, Kibombo, Pangi, Punia, Lubutu, kote. Hata mtu apendwe vipi hapa Mikelenge, kama chama chake hakijulikani Kasongo, kura zake zimekwenda na maji. Mwalimu anasema alipata nyingi kuliko wengine walioingia. Mimi sikuona karatasi. Ninachojua ni kwamba sheria inaruhusu jambo kama hilo kutokea.

Na hapa nina deni langu la kusema. Wakati wa kampeni ile alikuja kwangu na tangazo lake limeandikwa kwa mkono mzuri wa ubaoni, pamoja na pesa kidogo ya usafiri, kama desturi yetu mbaya ilivyo. Nilipokea. Jioni ile mgombea mwingine alikuwa ameleta nyingi zaidi. Tangazo la Mwalimu nililisoma mwisho kabisa, mbio mbio, umeme ulipokuwa karibu kukatika. Hakuniuliza kitu. Kesho yake alinisalimu vilevile.

Mwaka 2023 akaacha kiburi, akaingia kwenye muungano mkubwa wa vyama, wa kufikisha asilimia 3 bila shida. Tarehe 20 Desemba nchi nzima ilichelewa, sehemu nyingine kura iliendelea hata siku zilizofuata, na Januari CENI ikafuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu na fujo. Mwalimu hakuwemo kati ya hao, na anajivunia hilo kama wengine wanavyojivunia gari. Lakini hakupata kiti. Kwetu unachagua mtu, na kura yako inahesabiwa kwanza kwa orodha yake. Orodha ikipata kiti, anakalia aliyeongoza ndani ya orodha hiyo. Aliyeongoza alikuwa mkubwa mmoja mwenye magari ya kampeni, chumvi na vitenge. Kura za Mwalimu, za wale wanafunzi na wazazi waliotembea kwa miguu kwenda kumpigia yeye, zilimsukuma yule mkubwa mpaka ndani. Kwa hiyo ameanguka mara tatu kwa njia tatu: peke yake, na wachache, na wengi.

Kwenye mtumbwi kijana mmoja alimwambia: “Papa Mwalimu, hata Raila wa Kenya aligombea mara 5, amekufa hajaingia ikulu. Wewe unatafuta nini?” Mzee akasema Raila alitaka ikulu, yeye anataka kiti kimoja tu, tena cha plastiki.

Kiti chenyewe si cha plastiki. Wabunge wa jimbo ndio wanaomchagua liwali wa jimbo, na ndio wanaochagua maseneta 4 wa Maniema. Watu wachache ndani ya chumba kimoja. Kura ya kila mmoja wao inakuwa na bei, na wanaotaka kuinunua wapo. Machi 2019 malalamiko ya rushwa kwenye uchaguzi wa maseneta yalienea hadi Rais Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuapishwa kwao. Mwalimu ananiambia: “Wewe unafikiri wanagawa chumvi kwa sababu wanatupenda?” Simbishii.

Yule mama mgeni alisikiliza yote haya, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea. Kadi yake ya uchaguzi imeandikwa kwao, alikojiandikisha 2023. Kadi hiyo ndiyo kitambulisho chake pekee. Ndiyo anayoonyesha kwenye kila barieri. Je, 2028 atampigia nani? Wa kule ambako hawezi kurudi, au wa hapa ambako hajulikani? Mwalimu akafungua daftari. Akamweleza pole pole, kama mtoto wa mwaka wa tatu, kwamba mtu anapiga kura pale alipojiandikisha, na kwamba tume itakapokuja kuandikisha tena ajitokeze mapema na kadi ya zamani, asiwaachie vijana wa kupanga foleni wamle pesa. Akamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Hakumwomba kura. Nilimtazama sana dakika ile, kwa sababu nilikuwa nikingoja amwombe.

Jioni nilimfuata nyumbani. Nilitaka kumuuliza mkewe, kwa sababu katika mara zote tatu hakuna mwandishi aliyewahi kumuuliza. Mama alikuwa anatwanga sombe. Alinihesabia bila hasira: kiwanja cha upande wa uwanja wa ndege kiliuzwa 2018, mashine ya kushona iliuzwa 2023, binti wa tatu alikaa nyumbani mwaka mzima bila shule. Pesa ya dhamana ya mgombea hairudi, ushinde ushindwe. “Yeye anasema tutaipata. Mimi sijaiona.”

Mwalimu alikuwa kimya, akipangusa miwani. Kisha akasema jambo alilokuwa anadhani litamtuliza: sheria ya 2022 inasamehe dhamana kwa orodha ambayo angalau nusu yake ni wanawake. Mara iliyopita wakubwa wa muungano walipendelea kulipa kuliko kuwaweka wanawake. Safari hii yeye atawabana.

Mama akaacha kutwanga. “Kumbe mwanamke halipi?”

“Orodha yenye wanawake nusu hailipi.”

“Basi andika jina langu. Tena liandike juu ya lako.”

Nilidhani anatania. Mwalimu naye alidhani hivyo, akacheka, halafu akaona hakuna anayecheka naye. Alikaa na daftari wazi magotini muda mrefu. Watoto wa jirani walipita na baiskeli, mama akachota maji, akaosha mikono hadi kwenye viwiko. Mwishowe mzee akaomba kalamu yangu, kwa sababu yake ilikuwa imekauka, akaandika.

Nilipoaga, mama alinisindikiza hadi barabarani. “Mwandishi,” akasema, “lile tangazo la 2018 nililisikia. Nilikuwa nimekaa karibu na redio tangu saa kumi na mbili.”

Nikasema pole, mama.

“Langu utalisoma saa ngapi?”