Gari la kukodi, Krismasi na kilomita

Wadau, Desemba ndiyo hii, na kila mwenye kwao Kilimanjaro anapanga safari. Sisi wanne tumesema mwaka huu hakuna kugombea tiketi za basi. Tunachanga, tunakodi gari siku sita, Dar mpaka Moshi.

Bei ya siku ilitufurahisha wote. Kabla ya kusaini nikaomba kuusoma mkataba. Kumbe bei ile ni ya kilomita 100 tu kwa siku! Dar hadi Moshi kupitia Chalinze na Segera ni kama kilomita 550. Kwenda na kurudi 1,100, sisi tuna 600. Zile 500 zinalipiwa moja moja, na hapo hujapanda Marangu kumsalimia bibi.

Nikauliza bima. Ni kubwa, sawa, ila gari likigongwa sehemu ya kwanza ya gharama ni yetu. Na anayeruhusiwa kuendesha ni aliyeandikwa tu. Yaani mtu mmoja ashike usukani masaa manane na zaidi, bila kupokezana? Barabara ile, msimu huu?

Tumelipia jina la pili. Mbuzi wa Krismasi atakuwa mdogo, lakini tutafika kumla.