Simu Ndogo ya Safari

Ndugu wasomaji, wanafunzi wenzangu na ninyi kaka zetu mliokwisha kutoka shuleni hapa, huenda mtacheka mkiona kwamba mtu wa miaka kumi na tisa anaandika habari za kitochi. Chekeni, lakini someni mpaka mwisho, maana likizo iliyopita kitu hicho kidogo kilinifundisha jambo ambalo sikulipata darasani.

Nyumbani kwetu ni Busanza, mjini Kigali, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe. Ndege ziendazo ng'ambo huruka mbele ya macho yetu kila siku, hata watoto wadogo hawageuki tena kuzitazama. Lakini Mama huzitazama. Miaka mitano iliyopita kaka yangu mkubwa alisafiri kwenda kusini kutafuta kazi. Alikuwa na simu janja nzuri, na namba zote za nyumbani zilikuwa ndani yake. Njiani ikaibiwa. Hakuwa na namba hata moja kichwani wala katika karatasi. Tulikaa miezi minane bila kujua kama yu hai au amekufa. Mwishowe alituma salamu kwa mtu aliyekuwa akirudi, nasi tukamshukuru Mungu. Lakini tangu hapo Mama akisikia neno safari hubadilika uso.

Basi mjomba wangu akaaye Dar es Salaam aliponialika nikamsaidie dukani kwake wakati wa likizo, Mama alikataa. Nikamsihi siku tatu. Siku ya nne akasema, "Nenda, mwanangu, lakini sauti yako niisikie. Usiku tutakaopatana ukipita bila kuisikia, mimi sitalala."

Hapo ndipo nilipohitaji simu. Kwa kuwa sheria ya shule yetu hairuhusu simu, sikupata kuwa nayo maishani mwangu. Nilikuwa na faranga 40,000, ujira wa kubebea mafundi matofali, na fedha hizo ndizo zilizokuwa za simu pamoja na matumizi ya njiani.

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyeendesha malori kati ya Kigali na Dar es Salaam kwa miaka mingi. Nilikwenda kumwuliza. Akatoa mfukoni Nokia 1100, ile simu iliyotoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa imechakaa hata namba za vitufe hazisomeki, lakini ilikuwa ikilia na kumulika vizuri.

"Kijana," akaniambia, "simu ya safari si pambo. Tafuta iliyo nyepesi, betri yake ikae siku tatu, iwe na tochi, tena iwe na nafasi ya laini mbili: moja ya kwenu, moja ya uendako. Kabla ya kutoa fedha tia laini yako mwenyewe, upige. Kisha bonyeza *#06# uone kama inatoa tarakimu 15, ulinganishe na zile zilizoandikwa chini ya betri. Tanzania ilizima simu bandia mwezi wa Juni mwaka 2016, na watu wengi walijikuta wameshika vipande vya plastiki."

Nalisikia kwa masikio, lakini moyo ulikuwa ukiona aibu kufika Dar es Salaam na kitochi. Nikashuka mjini. Katika kichochoro kimoja kijana akanionyesha simu kubwa ya kioo, akataka faranga 30,000. Nikampa 5,000 ili aniwekee. Kesho yake nilipokuja na laini yangu na kuitia, simu ikadai namba za siri: ilikuwa imefungwa itumike kwa mtandao mmoja tu wa nchi ya mbali. Nikaomba fedha zangu. Akasema fedha ya kuwekea hairudi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilivunjika kwa faranga 5,000, yaani matofali mengi sana.

Sikumwambia Mama. Nikaingia duka la wazi, lenye kutoa risiti, nikanunua kitochi cha laini mbili kwa faranga 12,000. Nikakijaribu kama nilivyofundishwa, na tarakimu zote 15 zikalingana. Mzee alipokiona akafurahi, akanipa mambo mawili ya mwisho. La kwanza, niandike namba tano katika karatasi, niikunje ndani ya pasipoti, kisha namba ya Mama niikariri. La pili, nitafute plagi ya kubadilishia, kwa sababu chaja zetu za Rwanda zina vijiti viwili vya mviringo, na Tanzania matundu mengi ni ya vijiti vitatu vya bapa.

Tuliondoka Nyabugogo asubuhi, tukapita Rwamagana, Kayonza na Kibungo hata tukafika Rusumo. Kabla ya kuvuka daraja nikampigia Mama, maana Rwanda, Kenya na Uganda zilipatana mwaka 2014 kupunguza gharama za simu kati yao, lakini Tanzania haikuwamo katika mapatano hayo. Laini ya kwetu ikivuka mto ule hula fedha upesi. Nikamwambia, "Mama, sasa sitapiga tena mpaka kesho, saa mbili usiku." Akajibu, "Saa mbili. Nitakuwa nimeishika mkononi."

Ndani ya basi wenzangu wenye simu kubwa waligombea tundu moja la kuchajia tangu Kahama mpaka Singida. Mimi kitochi changu kilikuwa kimelala mfukoni, hakina njaa.

Siku ya pili jioni tulifika Dar es Salaam. Mjomba alinipeleka moja kwa moja kwa wakala wa laini; nikatoa pasipoti, nikaweka kidole, nikasajiliwa. Nikarekebisha saa ya simu iwe ya Dar es Salaam. Ilipotimia saa mbili kamili nikabonyeza +250 na namba ya Mama, yote kwa kichwa. Ikalia, ikalia, hakuna aliyepokea. Nikapiga tena. Nikapiga mara ya tano. Jasho likanitoka. Nikawaza: ameanguka, amepelekwa hospitali, na mimi niko huku kwa ajili ya kutembea tu. Wakati ule nikaijua miezi minane ya Mama, ingawa mimi nilikuwa nimengoja dakika arobaini tu.

Mjomba alipotoka kuoga akanikuta nimeinama. Nilipomweleza akacheka hata akashika mlango. "Mwanafunzi mzima! Huko kwenu sasa bado hata saa mbili."

Lo! Kumbe Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Na mimi jambo hilo nililijibu katika mtihani wa Jiografia, nikapata alama zote.

Saa tatu kamili kitochi kikalia mara moja, kikanyamaza: Mama amenibipu. Nikampigia. Alikuwa ametoka sokoni. Simu alikuwa ameiacha nyumbani kwenye chaja, isije ikazimika saa yangu itakapofika. Aliporudi akaona namba inayoanza na 255, akajua ni mimi, lakini akangoja saa tuliyopatana. Aliniuliza neno moja, "Umekula?" Nikamwambia nimekula. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Sasa nitalala."

Ndugu zangu, wengine wenu mtakwenda mbali kuliko mimi. Jueni basi kwamba kitochi hakifai kila mahali. Kinatumia mawimbi ya kizazi cha pili, nayo katika nchi nyingine yamekwisha zimwa; huko Marekani kampuni ya AT&T iliyazima mwaka 2017, na ya kizazi cha tatu mwaka 2022. Aendaye huko atafute simu ndogo ya kizazi cha nne, aulize kwanza kama inakubaliwa na mtandao wa huko. Lakini popote mwendako, andikeni namba katika karatasi, hesabuni saa za kwenu na za ugenini, na msione aibu kwa udogo wa simu. Kule Busanza hakuna aliyeniuliza ilikuwa kubwa kiasi gani.